Njia ya Magari ya Umeme: Kuitengeneza Nyumbani na Kuitumia katika Somo la Umeme

Utangulizi

Miongoni mwa mada za Sayansi katika skuli za msingi, mada ya umeme ndiyo inayofundishwa zaidi kwa chaki na kidogo kwa mikono. Mwalimu huchora betri, huchora glopu, huviunganisha kwa mistari miwili, na wanafunzi hunakili. Siku ya mtihani huulizwa maana ya mkondo wa umeme, nao hujibu sawasawa. Lakini mpe mmoja wao betri ya tochi, glopu na kipande kimoja cha waya, umwambie aiwashe glopu hiyo. Hapo ndipo utakapoona kwamba jibu lile lilibaki katika daftari.

Hapa Pemba jambo hili lina uzito wa pekee. Hadi mwaka 2010 umeme wa kisiwa ulitegemea mashine za dizeli. Mwaka huo Pemba iliunganishwa na gridi ya taifa kwa waya mkubwa uliolazwa chini ya bahari kutoka upande wa Tanga, wenye urefu wa kilomita 78 hivi. Wanafunzi walioko darasa la sita leo wamezaliwa baada ya waya huo kufika. Wengi wao wameiona soketi ukutani kabla ya kuijua alifu. Mtoto anayeishi na umeme bila ya kuufahamu ama huuogopa kama shetani wa mbuyuni, ama huuchezea kama maji ya mtungi. Hali zote mbili zina hatari yake, na ni wajibu wetu walimu kuziondoa.

Makala haya yanaeleza namna ya kutengeneza njia ya mbio za magari madogo ya umeme kwa vifaa vinavyopatikana, kama nilivyoitengeneza barazani kwangu Pujini, kisha namna ya kuitumia darasani. Hayakusudii kumfanya mwalimu kuwa fundi wa michezo. Yanakusudia kumwonyesha jinsi mchezo unavyoweza kuubeba ukweli wa kisayansi, na hasa jinsi hitilafu ya mchezo inavyoweza kufundisha zaidi kuliko mchezo wenyewe.

Mchezo Wenyewe

Mchezo huu umekuwapo kwa miaka mingi. Mwaka 1957 Fred Francis, Mwingereza, aliyatoa hadharani magari yake ya umeme yaliyoitwa Scalextric, na baadaye mchezo huo ukaenea katika nchi nyingi. Gari halina betri ndani yake. Chini ya pua yake mna ulimi mdogo unaoingia katika mfereji uliochongwa njiani, na ulimi huo ndio unaoliongoza gari. Kila upande wa mfereji umelazwa waya, na chini ya gari mna vifagio viwili vya shaba vinavyogusa nyaya hizo. Umeme hupanda kwa kifagio kimoja, hupita katika mota, kisha hurudi kwa kifagio cha pili.

Dereva hukaa pembeni ameshika kidhibiti mwendo. Katika mfumo wa zamani, uitwao analogi, kidhibiti hicho ni kikinzani kinachobadilishwa kwa mkono. Ukinzani ukipungua, mkondo huongezeka na gari hukimbia. Ukinzani ukizidi, gari hupunguza mwendo. Kila mfereji una gari lake na kidhibiti chake. Siku hizi uko pia mfumo wa dijitali, ambamo kila gari hubeba kifaa cha kielektroniki kinachopokea amri, hata magari kadhaa yaweze kutumia mfereji mmoja. Mfumo huo ni mzuri kwa mashindano, lakini kwa mwalimu wa skuli ya msingi ule wa zamani unafaa zaidi. Ndani yake hamna kilichofichika: kila kinachotokea mtoto hukiona kwa jicho na hukihisi kwa kidole.

Wala watoto wetu si wageni wa ufundi huu. Gari la kopo lenye magurudumu ya kandambili na usukani wa waya limetengenezwa na vizazi kadhaa vya watoto wa visiwani. Sisi tunaongeza mota tu.

Vifaa Vinavyohitajika

(a) Plaiwudi mbili za sentimita 244 kwa 122. Moja iwe nene kiasi, nayo ndiyo sakafu. Ya pili iwe ya milimita 6.
(b) Waya wa chuma wa kufungia nondo, kiasi cha mita 25.
(c) Waya wa shaba wa nyuzi nyingi, kwa vifagio na maungio.
(d) Mota mbili ndogo za volti 3 hadi 6, zitolewazo katika vitu vya kuchezea au redio za kaseti zilizoharibika.
(e) Betri kubwa za tochi nane, nne kwa kila gari. Betri moja ina volti 1.5, nne zikifuatana hutoa volti 6.
(f) Koili ya hita au jiko la umeme lililokwisha kufa.
(g) Vibanio viwili vya chuma, glopu moja ya taa ya baiskeli ya volti 6, glopu mbili za tochi za namna moja, gundi, msasa, na rula ya plastiki iliyovunjika.

Asiyeweza kununua plaiwudi asikate tamaa. Njia iliyonyooka ya mita mbili, iliyotengenezwa kwa vipande vya mbao vya seremala, inatosha kwa somo la kwanza na la pili.

Namna ya Kutengeneza

Chora juu ya plaiwudi nyembamba njia mbili za umbo la yai. Kila njia iwe na sehemu mbili zilizonyooka za mita 1.2, na nusu duara mbili. Nusu duara za njia ya ndani ziwe na nusu kipenyo cha sentimita 40, na za njia ya nje sentimita 50. Kata kwa msumeno mwembamba kufuata mistari hiyo. Utapata vipande vitatu. Sugua kingo kwa msasa, kisha vigandishe vipande hivyo juu ya sakafu huku ukiacha kati yao mwanya wa milimita 3. Mwanya huo ndio mfereji. Upime kwa msumari: ukipita pote bila ya kukwama, kazi imekamilika.

Laza waya wa chuma kila upande wa mfereji. Kila waya uwe wa vipande vinne. Ncha za vipande zipitishwe katika matundu madogo na kusokotwa pamoja chini ya ubao, ili juu kusiwe na kivimbe kitakacholikwaza gari. Uangalie sana maungio hayo, kwani tutayarudia.

Ulimi wa gari ukatwe katika rula ya plastiki. Vifagio ni nyuzi za shaba zilizochanuliwa kidogo. Mota iungwe na ekseli ya nyuma kwa mpira mwembamba.

Kidhibiti hutokana na koili ya hita. Hita ya wati 1,000 kwa umeme wa volti 230 ina koili yenye ukinzani wa omu 53 hivi. Ukikata sehemu moja ya tano, unapata omu 10 au zaidi kidogo, na hizo zinatosha kuona mabadiliko ya mwendo. Ivutie koili juu ya kijiti kikavu, unganisha ncha yake moja na betri, na waya wa njia uutie katika kibanio kinachosogezwa juu ya koili. Watoto wa jirani zangu walikiita kidhibiti hiki "mafuta", kwa kuwa dereva wa gari kubwa naye hukanyaga mafuta. Jina hilo nililipenda, ila baadaye lilinitia kazini, kama nitakavyoeleza.

Tahadhari

Njia hii itumie betri za tochi peke yake. Betri ya gari au ya umeme wa jua haifai, ijapokuwa volti zake ni chache: nyaya zikigusana hutoa mkondo mkubwa mno, na waya huweza kuwa mwekundu kwa moto mkononi mwa mtoto. Chaja ya simu pia haifai. Hutoa volti 5 tu, lakini upande wake wa pili umo katika soketi, na chaja mbovu haijulikani kwa kuitazama. Zaidi ya hayo, hatutaki mkono wa mtoto uzoee kwenda ukutani kila anapotaka kuchezea nyaya. Mchezo ukimalizika, betri zitolewe.

Somo la Kwanza: Umeme Huenda na Kurudi

Mara ya kwanza nilipoiingiza njia hii darasani nilifanya kosa ambalo napenda mwalimu mwanafunzi alijue mapema. Nilishika kidhibiti mwenyewe. Gari lilizunguka, darasa likashangilia, nami nikaeleza kila kitu kwa ufasaha. Mwishoni niliwataka wachore njia ya umeme kutoka betri hadi kwenye gari. Wengi walichora mstari mmoja tu, kutoka betri kwenda kwenye mota. Hapakuwa na mstari wa kurudi. Walikuwa wametazama gari, hawakutazama umeme.

Kipindi kilichofuata nilianza kinyume. Niliondoa vifagio na kuwapa gari hilo bila ya maelezo, pamoja na betri na nyaya mbili. Kazi yao ilikuwa kuizungusha mota. Waya mmoja haukutosha, na wao wenyewe ndio waliogundua. Kisha nikawauliza: "Katika njia yetu, waya wa pili uko wapi?" Msichana mmoja aliyezoea kukaa nyuma na kunyamaza alikuja mbele, akaweka vidole viwili juu ya nyaya mbili za mfereji, akasema, "Huu wa kwendea, huu wa kurudia." Sikuongeza neno.

Hatua inayofuata ni kuwataka wageuze nyaya za betri. Gari litakwenda kinyumenyume, nao watajifunza kwamba umeme wa betri una mwelekeo. Ndipo wachore tena.

Somo la Pili: Gari Linapochoka Njiani

Njia yangu ilikaa barazani wiki mbili za masika. Anayeijua hewa ya kisiwani anajua kutu inavyofanya kazi. Jioni moja kabla ya kipindi niliijaribu, nikaona magari yanakimbia karibu na betri, lakini upande wa mbali yanatambaa. Nilichukua msasa ili nisafishe maungio. Kisha nikauweka chini. Nilijiuliza: kama nitaiondoa hitilafu hii usiku, kesho nitawafundisha nini?

Asubuhi niliwaachia gari litambae. Dhana zilikuja nyingi. Mmoja alisema betri zimekwisha. Mwingine alisema gari limechoka. Wa tatu alisema umeme umeliwa njiani. Sikumsifu yeyote wala kumkanusha yeyote. Niliandika dhana zote ubaoni, nikauliza: "Tutajuaje ipi ni ya kweli?"

Waliliondoa gari upande wa mbali na kuliweka karibu na betri: likakimbia. Kwa hiyo betri hazikwisha, wala gari halikuchoka. Wakaligeuza gari la pili namna hiyo hiyo, likawa vile vile. Nikawapa glopu ya baiskeli waigusishe katika nyaya mbili mahali mbalimbali. Karibu na betri ilitoa mwanga mkali. Kadiri walivyokwenda mbali ilififia. Mvulana mmoja akainama chini ya ubao, akaona maungio yaliyovaa kutu. Wakayasugua mawili, glopu ikaongeza mwanga. Mwisho niliwaonyesha dawa inayotumiwa na wenye mchezo huu: nyaya mbili nene za shaba kutoka betri moja kwa moja hadi upande wa mbali wa njia, ili umeme uingie mahali pawili. Gari likazunguka kwa mwendo ulio karibu na mmoja.

Bado lilibaki lile neno kwamba umeme umeliwa. Hapa ndipo jina la "mafuta" lilipotupoteza. Mafuta huliwa na injini. Watoto wakadhani umeme nao hupungua kila unapopita, hata unaorudi katika betri ni mchache kuliko uliotoka. Mwalimu asiruke hapa. Aunge glopu mbili za tochi za namna moja, moja kabla ya mota na moja baada yake. Hutoa mwanga sawa. Mkondo uliotoka ndio uliorudi. Kinachopungua katika waya mrefu au wenye kutu ni volteji, yaani ule msukumo, kwa kuwa sehemu yake imetumika kuushinda ukinzani wa njia, na kwa hiyo sehemu iliyobaki kwa mota ni ndogo.

Wakishafahamu hivyo, wasimulie habari ya waya wa bahari. Njia ya mita tano imewachosha. Waulize itakuwaje kwa kilomita 78. Ndiyo maana umeme huo husafirishwa kwa volteji kubwa, volti 33,000, ambapo mkondo unaohitajika huwa mdogo na upotevu njiani hupungua, kisha hushushwa kabla ya kuingia majumbani. Watoto walioinama chini ya ubao kutafuta kutu husikiliza habari hii kama habari yao wenyewe.

Somo la Tatu: Swali la Soketi

Katika kipindi kimoja mvulana mwenye gari lililoshindwa aliniuliza, "Mwalimu, mbona tusichomeke ukutani? Si litakwenda kama ndege?"

Nakiri kwamba mwili ulinisisimka. Ulimi wangu ulikuwa tayari kusema "Nyamaza!" Lau ningelisema hivyo, swali lisingekufa. Lingekwenda naye nyumbani, na huko angelijaribu peke yake. Nikamwita mbele.

"Mwanangu, betri zetu ni volti ngapi?"

"Sita, Mwalimu."

"Na ukutani ni mia mbili na thelathini. Umezoea kubeba nazi sita kichwani. Ukitwikwa nazi mia mbili na thelathini?"

"Shingo itavunjika."

"Basi na mota itaungua kabla hujaiona ikikimbia. Sasa gusa nyaya za njia."

Alizigusa. Hakuhisi kitu. Nikaliuliza darasa lote: nyaya hizi zina gamba? Hazina. Nani amezigusa leo? Kila mkono ulinyanyuka. Nikawaachia wafikiri wenyewe ingelikuwaje kama nyaya hizo zingelitoka ukutani. Darasa lilikuwa kimya, na kimya kile hakikuwa cha woga wa shetani. Walikuwa wamepiga hesabu na kuuona ukubwa wake. Kisha tulitaja pamoja vitu vya nyumbani vinavyostahili hadhari: waya uliochunika gamba, soketi iliyovunjika, mkono wenye maji.

Hesabu katika Njia

Mwalimu asiache nafasi hii. Urefu wa njia ya ndani ni mita 4.91, na wa njia ya nje ni mita 5.54. Tofauti ni mita 0.63 kwa kila mzunguko. Je, mbio ni za haki? Wanafunzi wapendekeze suluhisho: kuanzia mahali tofauti, au kila dereva akimbize mara moja ndani na mara moja nje. Wapime muda wa mizunguko kumi na kutafuta mwendo wa wastani. Wanafunzi hodari waongezewe swali: tukirefusha sehemu zilizonyooka, tofauti itabadilika? Haitabadilika, kwani hutokana na nafasi ya sentimita 10 iliyo kati ya mifereji miwili peke yake.

Darasa Kubwa

Utasema: nina wanafunzi sitini na njia moja. Ni kweli, nasi hufundisha hivyo hivyo. Ligawe darasa makundi ya watu sita. Makundi mawili yawe kwenye njia. Mengine yawe na betri na glopu, au yachore, au yapige hesabu za muda ulioandikwa ubaoni. Katika kila kundi awepo dereva, mtunza saa, mwandishi, mpimaji, fundi wa njia na msimamizi, na kazi hizo zizunguke. Usipolisimamia jambo hili, kidhibiti kitabaki kwa mvulana mwenye sauti kubwa kuliko wote, na wasichana watakuwa waandishi mwaka mzima.

Hitimisho

Ndugu mwalimu, thamani ya njia hii haimo katika mwendo wa magari. Imo katika mambo mawili: nani ameshika kidhibiti, na nani amepewa nafasi ya kuitafuta hitilafu. Ukivishika vyote viwili wewe, umewaonyesha wanafunzi tamasha. Ukiwaachia, umewafundisha. Kutu yangu ya masika ilinifunza kwamba kifaa kilichoharibika kidogo, mbele ya mwalimu mwenye subira, ni kifaa kizuri kuliko kipya. Hata hivyo hitilafu uiachie pale tu usalama unapokuwa kamili; palipo na hatari, rekebisha kwanza.

Maswali ya Kujadiliana

1. Magari mawili yakitumia betri nne zile zile, moja likisimama jingine huongeza mwendo. Utawaongozaje wanafunzi kueleza sababu yake?
2. Mota inayozunguka ikiondolewa katika betri, na nyaya zake mbili zikiunganishwa pamoja, husimama upesi kuliko ikiachwa peke yake. Lijaribu jambo hili, kisha tunga maswali matatu ya kuwauliza wanafunzi kabla ya kuwapa jibu.
3. Mwanafunzi amekuuliza swali la hatari mbele ya darasa. Andika jibu utakalompa, kisha ujiulize: baada ya jibu hilo, atakwenda kulijaribu nyumbani?
4. Chagua kitu kimoja ambacho watoto wa kijiji chako hukitengeneza kwa mikono yao. Onyesha mada mbili za Sayansi au Hesabu zinazoweza kufundishwa kwacho.